Kushusha 4x4 kwa Matumizi ya Kila Siku: Cha Kununua Kwanza na Cha Kuacha Dukani

Wengi wanaotaka kushusha 4x4 huuliza litashuka sentimita ngapi. Swali la kukusaidia kununua ni jingine: likishashuka, gurudumu litabaki na nafasi gani ya kupanda kabla ya kugonga mpira wa kizuizi, ule unaozuia ekseli isigonge chesisi? Nafasi hiyo ndiyo inayomeza matuta na mashimo. Gari lenye milimita 80 za kupanda, ukilishusha 40 kwa springi za ugumu uleule, limebaki na nusu, na kila tuta utalisikia mgongoni. Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa kuangalia kinachobaki baada ya gari kushuka.

Anza na futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa sehemu tambarare na mzigo wake wa kawaida. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Kisha pima nafasi iliyopo kati ya ekseli, au mkono wa chini unaoshika gurudumu kwenye gari lisilo na ekseli nzima mbele, na mpira wa kizuizi. Andika namba hizo zote, kwani bila hizo unanunua kwa kubahatisha.

1. Springi na shokapu za urefu wa kiwandani

Gari likiwa limeshanyanyuliwa na mwenyewe wa kwanza, hili ndilo chaguo bora kuliko yote na mara nyingi ndilo linalosahaulika. Chungulia juu ya springi: ukikuta kipande cha plastiki ngumu au alumini kilichoongezwa, huenda huhitaji kununua springi kabisa, ni kukitoa tu. Kama springi zenyewe ni ndefu, nunua za kiwandani zinazolingana na injini na uzito wa gari lako. Springi za toleo la dizeli zikiwekwa kwenye toleo jepesi la petroli huliacha gari juu na gumu.

Badilisha na shokapu pamoja. Shokapu ndefu ya gari lililonyanyuliwa hufika mwisho wake ndani kabla ekseli haijagusa mpira wa kizuizi. Hapo pigo lote linaingia kwenye pistoni, sili zinapasuka na mafuta yanavuja. Jaribio lake ni rahisi: toa springi, funga shokapu, pandisha ekseli kwa jeki hadi iguse mpira. Shokapu lazima ibaki na milimita 15 hadi 20 ambazo hazijaingia. Gari liwe juu ya stendi imara wakati wote, kamwe lisitegemee jeki peke yake.

2. Springi fupi za koili zilizotengenezwa kwa kushusha, pamoja na shokapu zake

Hizi ni kwa gari ambalo bado liko kwenye urefu wa kiwandani. Springi nzuri ya kushusha huwa ngumu kidogo kuliko ya mwanzo, kwa sababu inabidi imeze pigo lilelile ndani ya nafasi ndogo. Muuzaji akishindwa kukuambia ugumu wake na shokapu inayofaa, ondoka. Lenga milimita 25 hadi 40. Ukizidi 50, gharama za kurekebisha vitu vingine zinaanza kukimbizana.

Kwenye magari ya ekseli nzima yenye koili, kama Suzuki Jimny au Land Cruiser 80, ekseli imefungwa kando kwa fimbo ya Panhard. Gari likishuka, fimbo hiyo huisukuma ekseli upande mmoja. Kwa milimita 30 utavumilia. Zaidi ya hapo nunua fimbo inayorekebishika urefu, la sivyo gurudumu la upande mmoja litachomoza kuliko la pili. Kwenye magari ambayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake, tairi huinamia ndani kwa juu na kuliwa ukingo wa ndani. Alaimenti si hiari hapo.

Wengi pia hawajui kwamba kwenye ekseli nzima, springi fupi haziishushi difu hata kidogo. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli inashikiliwa na tairi. Bodi ndiyo inayoshuka.

3. Tairi ndogo zaidi

Njia hii haiibi nafasi ya springi hata milimita moja, na ndiyo maana iko juu hivi. Tairi ya 285/75R16 ina kipenyo cha takriban milimita 834, na 265/70R16 takriban 777. Tofauti ni 57, na gari linashuka nusu yake, yaani milimita 28. Usukani unakuwa mwepesi na breki zinapata nafuu. Difu nayo inashuka, na spidi ya dashibodi inabadilika kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo rudi kwenye saizi ya kiwandani na usiipite. Angalia pia namba ya uzito kwenye tairi isipungue ile ya kiwandani.

4. Kulegeza nondo za tosheni

Pajero za 1991 hadi 1999 na Land Cruiser 100 zina nondo hizi mbele, vyuma virefu vinavyojisokota na kufanya kazi ya springi. Hununui kitu: unalegeza boliti ya kurekebishia kila upande, ukihesabu mizunguko, gurudumu likiwa hewani ili nondo isibebe mzigo. Teremsha gari, lisukume mbele na nyuma ili likae sawa, kisha pima tena. Tatizo ni kwamba ugumu wa nondo haubadiliki, kwa hiyo unapunguza nafasi bila kuongeza nguvu ya kuilinda. Milimita 20 zinatosha.

5. Vipande vya kushusha springi za mabamba

Springi za mabamba ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na hapa ndipo watu hununua kifaa kinachofanya kinyume. Kipande kikiwekwa kati ya ekseli na springi hushusha gari pale tu ekseli inapokaa juu ya springi. Kwenye Hilux nyingi za 4x4, springi za nyuma ziko juu ya ekseli, na kipande hichohicho kitalinyanyua gari. Lala chini uangalie kabla ya kulipa. Kwa gari la namna hiyo nunua springi zenye upinde mdogo zaidi. Usitoe bamba moja ili gari lishuke: yaliyobaki yatazidiwa, na ukikanyaga mafuta springi itajipinda. Yuboliti, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya siku chache za kutembea.

Usinunue wala usikubali

Fundi akitaka kukata koili au kuichoma moto, kataa. Moto huharibu uimara wa chuma, na springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia. Kuhamisha ekseli ya nyuma kutoka chini ya springi hadi juu yake hushusha zaidi ya milimita 100, na mara nyingi hapo chesisi yenyewe inabidi ikatwe. Hiyo si kazi ya gari la kwenda kazini.

Siku ya kufunga

Boliti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio, zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema. Kama nyuma kuna vali ya breki yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli, irekebishwe pia. Gari likishuka, vali hudhani limebeba mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma, na kwenye lami yenye maji magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele. Mwisho panga taa. Springi mpya hushuka kidogo baada ya kilomita mia kadhaa, kwa hiyo pima urefu tena wakati huo, halafu ndipo ulipie alaimenti ya mwisho.