Raba za mtumba, fundi wa Mwanjelwa, na kilomita 53 za Kikondo hadi Chimala

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayouliza kwanza. Raba zenyewe shilingi 28,000, za mtumba, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, baada ya kuvutana kutoka 45,000. Fundi wa kuzishona upya 9,000. Jumla 37,000, na miguu hii ikatoka nazo Kikondo saa kumi na moja na nusu alfajiri, ikafika nazo Chimala saa kumi na dakika arobaini jioni. Saa yangu ya mkononi iliandika kilomita 53 na ushee, tukipitia Hifadhi ya Kitulo.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: marathoni ni kilomita 42.195, na chochote kinachozidi hapo watu wa mbio wanakiita ultra. Kule Afrika Kusini wana Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90, inakimbiwa tangu 1921. Sisi hatukuwa na mashindano, wala medali, wala fulana. Tulikuwa wanne wa kundi letu la mazoezi la Uyole, na kijana wa bodaboda aliyebeba maji, viazi vya kuchemsha, chumvi na makoti. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, nina miaka 39, kutwa nimekaa kibandani. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuivuka ile 42.

Sasa raba. Nilizikuta siku ya kufungua robota, chini kabisa, zimefungwa kamba moja kwa nyingine. Nembo ubavuni ilishafutika, kwa hiyo kampuni siijui na siisemi. Kilichonivutia ni soli: meno marefu, yameachana, kama tairi la trekta. Raba za lami ambazo wengi wetu tunakimbilia zina soli laini, ukiziingiza kwenye tope la Februari unacheza sarakasi. Tatizo moja tu, zilikuwa namba 40 na mimi navaa 39. Muuzaji akasema, "Dada, namba moja hiyo si kitu, vaa soksi mbili." Nikamwamini. Tutarudi hapo.

Fundi nilielekezwa na mwenzangu wa mazoezi. Ni mzee, anakaa upande wa ndani chini ya mwavuli uliochanika, ana kalibu la chuma, jiko dogo la mkaa na kopo la maziwa lililojaa misumari. Jina lake silitaji, hakuniomba matangazo na nina malalamiko yangu pia. Alizipokea raba, akazikunja kama mtu anayekunja chapati, akatega sikio.

"Mama, hizi unakwenda nazo shamba?"

"Hapana mzee, nakwenda kukimbia nazo. Kitulo."

Akanitazama usoni, akaitazama raba tena. "Gundi ya kiwandani imezeeka humu. Hapa ni nzima, ikikutana na maji inafungua mdomo."

Ni kweli kabisa, na wanunuzi wa mitumba tunalisahau hili. Kiatu hakichakai kwa kuvaliwa tu. Kikikaa miaka stoo, gundi inakufa yenyewe na ule sponji wa katikati unakauka. Kwa macho huoni kitu. Bonyeza kwa kidole gumba: ukibonyea na kurudi, chukua, ukiwa mgumu kama ubao, au ukitoa unga, rudisha.

Kazi yake niliikalia nusu saa ya kwanza, wateja wangu wanisamehe. Aliibandua soli ya mbele yote kwa kisu, bila kuchana kitambaa. Akapiga msasa pande zote mbili hadi zikawa na vinyweleo, akapaka gundi nyembamba kwa kipande cha kadibodi, kisha akaziacha. Nikauliza mbona habandiki. "Gundi mbichi haishiki, inateleza." Baada ya muda akaigusa kwa nyuma ya kidole, akaisogeza juu ya mkaa kidogo, ndipo akabandika na kugonga kwa nyundo juu ya kalibu. Halafu uzi. Uzi wa nailoni aliuburuza kwenye mshumaa mara tatu, nne, ili maji yasiufuate kuingia ndani, akashona kuzunguka soli nzima kwa sindano ile yenye ndoano, kila tundu akivuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mbele, kwenye vidole, akabandika utepe wa tyubu ya pikipiki. Ule utepe umepigana na mawe mengi kuliko mimi.

Malalamiko sasa. Nilipewa ahadi ya Jumanne, nikazipata Jumamosi. Simu anayo, haipokei. Na nilipozichukua nikakuta kila raba imetobolewa matundu mawili kwa ndani, pale penye upinde wa unyayo, kwa msumari wa moto. Sikuagiza matundu. Nikapandisha sauti kidogo. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Huko unakokwenda maji yataingia tu, mama. Yatatokea wapi?"

Jibu nililipata tukiwa ndani ya hifadhi. Kutoka Kikondo unapanda kwenye mashamba ya viazi na pareto, baridi imekukaba, ukungu umeshuka hadi magotini, halafu nchi inafunguka ghafla: nyasi tupu, vilima, hakuna mti wala nyumba. Ni juu ya mita 2,600 pale, na pumzi unaijua kwa jina lake. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na ndiyo iliyotengwa hasa kwa ajili ya mimea, zaidi ya aina 350, okidi peke yake zaidi ya 40. Viazi vya zile okidi ndivyo vilivyokuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko. Nimekua nikiwaona akina mama wakipita navyo kwenda Tunduma, sikujua kuwa ni maua yale yale. Ukitaka kupita huko toa taarifa ofisini mapema na ulipe kiingilio, sisi tulifanya hivyo siku moja kabla. Bodaboda alizungukia barabarani, sisi tukakata kwa miguu.

Niseme ukweli, maua niliyaona nusu nusu. Macho yalikuwa chini. Udongo wa huku ni wa volkano, mweusi, ukilowa ni sabuni ya mche. Hapo raba zilinilipa pesa yangu yote. Wenzangu wawili wenye raba za lami walianguka, mmoja mara nne, mimi hata mara moja. Ila meno marefu yanabeba tope: kwenye kilomita ya kumi na nane hivi kila mguu ulikuwa mzito kama umevaa tofali, ikabidi nisimame kukwangua kwa kijiti.

Kisha tukaingia kwenye majimaji, bonde lenye nyasi za kinamasi, maji ya baridi hadi juu ya kifundo. Tulipotoka upande wa pili niliisikia raba inatema maji, fyu, fyu, fyu, kila hatua, na baada ya dakika chache soksi zilikuwa mbichi tu. Mwenzangu mmoja alikimbia kama ana ndoo mbili za maji miguuni hadi Matamba, mji mdogo ulio njiani, ngozi ya nyayo ikamkunjamana ikiwa nyeupe. Basi nikamtukuza mzee kimoyomoyo. Sifa zikaisha kwenye barabara ya changarawe, matundu yale yale yalipoanza kuingiza mchanga. Lengelenge la mguu wa kulia ni la fundi, nalihesabu hivyo.

Matamba tulipumzika kwa mama mmoja muuza chai na maandazi. Tukamwamkia "Kamwene", salamu ya huku, akaitikia, akatutazama tulivyojaa tope, akatuwekea viti upesi. "Poleni wanangu. Msiba ni wa wapi?" Tukamweleza kuwa tunakimbia tu, kutoka Kikondo, tunashuka Chimala. Akakaa kimya kidogo, akaongeza sukari kwenye vikombe vyetu bila kuulizwa. Chai yake na viazi vyetu vya chumvi ndivyo vilivyonifikisha, zile peremende za nguvu nilizonunua mjini ziliniletea kichefuchefu.

Na sasa ile namba 40.

Kutoka Matamba kwenda Chimala barabara inashuka ukutani kwa kona 57, ndiyo maana watu wanaiita Hamsini na Saba. Unashuka zaidi ya mita 1,000, bonde la Usangu lote limetandazwa chini yako kama mkeka, na baridi ya asubuhi inageuka joto kona kwa kona. Nilidhani huku ndiko kupumzika. Kwenye kupanda, raba kubwa haikusumbui. Kwenye kushuka mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, na kila hatua kidole gumba kinapiga ukuta. Soksi mbili hazikusaidia, zilinipikia miguu tu. Tulihesabu kona hadi thelathini na kitu tukapotea hesabu, mimi nikawa nashuka ubavu ubavu kama kaa. Mwenzangu mkongwe ndiye aliyenisimamisha akanifundisha lile tundu la kamba la mwisho juu, ambalo wengi hatulitumii: unapitisha kamba humo kutengeneza kitanzi kila upande, unavusha kila kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili, ndipo unakaza. Kisigino kikakamatwa, kidole kikapata nafuu. Lakini kucha mbili zilishakuwa nyeusi, na leo ninapoandika moja imeshang'oka.

Kwa hiyo raba, kama zilivyo, nazipa nyota tatu kati ya tano, na kosa la ukubwa ni langu na la muuzaji nusu kwa nusu. Kajaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba na kazi, na soksi utakayokimbia nayo. Vidole vipate nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kisigino kisicheze. Ukikosa kipimo hicho acha, hata meno ya soli yakupendeze vipi. Anayekimbia Uyole hadi mjini na kurudi asizinunue kabisa, kwenye lami zinagonga magoti.

Fundi nampa nne na nusu. Nilikagua ushonaji niliporudi: kilomita 53, kinamasi, changarawe, kona zote zile, na uzi haujakatika hata mmoja. Duka la raba mpya za milimani sijalikuta Mbeya, na walioagiza kutoka Dar wanataja bei ambayo kibanda changu hakiingizi kwa mwezi. Nusu nyota nimeipunguza kwa ajili ya simu na ahadi. Ukimpelekea kazi mwambie unaihitaji wiki moja kabla ya siku yenyewe, na kuhusu matundu zungumza naye mapema, mwambie ayawekee kipande cha wavu wa dirisha kwa ndani.

Mimi nimempelekea jozi nyingine, namba 39 na nusu, kwa safari ya Juni ambako kutakuwa na barafu asubuhi badala ya tope. Alisema Alhamisi. Leo ni Jumatatu.