Mwanaume mwenye VVU na mpenzi wa kiume aende CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) ya hospitali, au kituo maalumu kinacholenga kundi lake?
Kwa gharama hakuna mshindi, kwa kuwa dawa za kufubaza VVU hutolewa bure. Kwa usiri, CTC ya hospitali mjini Dodoma humficha mwanaume mwenye mpenzi wa kiume miongoni mwa kinamama na wazee wa benchi lilelile, ingawa swali la mhudumu kuhusu mkewe laweza kumfunga mdomo. Kituo maalumu humwezesha kusema yote. Ila kwa kulitaja kundi lake waziwazi, kilikuza pia dhana kwamba ushoga ni ugonjwa au mradi wa wafadhili, na mwaka 2017 serikali ilitangaza kuvizuia vituo 40 kutoa huduma za UKIMWI, ikivituhumu kuhamasisha ushoga. Kwa uhakika, basi, hospitali inaongoza. Mkazi wa Mpwapwa, wilaya ya mkoa huohuo wa Dodoma, anayeogopa kutambuliwa kwao itamfaa kuja CTC ya mjini. Anayehitaji ushauri wa wazi atafaidi kituo, kikiwepo.