Tahadhari kwa wenye vinu na wafanyabiashara: katalogi yenye kitufe cha kijani

Wandugu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na ninyi mnaovuka Kasumbalesa kila juma: kuna katalogi ya vipuri vya vinu vya mahindi inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni PDF yenye jalada la bluu na picha ya kinu cha nyundo, na chini ya kila ukurasa kuna kitufe cha kijani kilichoandikwa Kifaransa, Demander un prix, yaani omba bei. Msikibonyeze kitufe hicho. Kimemlia mama mmoja dola 1,850, na mkono uliokibonyeza ulikuwa wangu.

Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa hapa Lubumbashi, commune ya Kenya, si mbali na soko. Wanaokuja kwangu wanajua biashara kunishinda, ila wengi hawana imeli, au wanayo lakini hawataki kuhangaika na Kifaransa cha ofisini. Basi mimi ndiye ninayewaandikia: maombi ya bei, barua za forodha, malalamiko. Nimeshika kazi hii miaka mingi na nilidhani nazijua mbinu zote za matapeli. Hii sikuwa nimeiona.

Mama huyo ana kinu Katuba. Nyundo zake zilikuwa zimelika hadi zikawa nyembamba, chekeche limetoboka, unga unatoka na chenga. Wateja walianza kulalamika kwamba bukari, yaani ugali, haishikani. Alhamisi moja asubuhi alinijia na simu mkononi.

"Mwanangu, angalia hii. Bei zao ni nzuri. Waandikie."

"Nani amekupa, mama?"

"Imetoka kwenye kundi letu la wenye vinu. Muuzaji ninamjua, hata mwenye kinu wa jirani alinunua kwake mwaka juzi."

Na ni kweli. Muuzaji aliyeandikwa kwenye jalada yupo, ni wa nje ya nchi, anauza vipuri halali. Hana hatia hata kidogo katika haya. Kuna mtu aliyechukua katalogi yake, akabadilisha kitu kimoja tu, halafu akaisambaza upya. Ndiyo sababu silitaji jina la muuzaji hapa, nisije nikamharibia mtu wa haki.

Niliifungua katalogi kwenye kompyuta, nikabonyeza kitufe. Dirisha la barua likafunguka lenyewe, kama kawaida ya vitufe vya namna hiyo. Nilitazama mstari wa À, yaani anayeandikiwa. Anwani ilikuwa ya muuzaji wa kweli, herufi kwa herufi; niliilinganisha na ankara ya zamani ya yule jirani. Mada ilikuwa imeshaandikwa. Maneno ya kuomba bei nayo yalikuwepo, Kifaransa safi. Nikaongeza idadi ya nyundo na kipimo cha matundu ya chekeche, nikatuma.

Saa tisa alasiri jibu lilikuwa limefika, na ankara ya proforma juu yake, ile ya kutaja bei kabla ya kununua: dola 1,850, bei ya juma hili tu. Ijumaa mama akalipa benki. Jumatatu likaja jibu jingine, safari hii la dola 2,400, likiomba radhi kwa kuchelewa. Nilifikiri ofisi mbili za kampuni moja zimegongana. Nikaandika kuuliza. Jumanne muuzaji akanipigia simu mwenyewe: hajatuma ankara yoyote ya dola 1,850, na akaunti ile haijui.

Usiku huo sikulala. Niliifungua tena katalogi, nikaenda juu ya kitufe, nikabonyeza kitufe cha kulia cha panya, nikanakili anwani ya kiungo na kuibandika kwenye Bloc-notes, programu ya kuandikia maneno matupu. Hiki ndicho nilichokikuta. Anwani nimezibadilisha, nimeweka mwisho wa .example, ambao tangu 1999 umetengwa kwa ajili ya mifano na hakuna anayeweza kuusajili:

mailto:mauzo@vinu.example?cc=%22Service%20commercial%22%20%3Cmauzo%40vinu.example.bei-nafuu.example%3E&subject=Demande%20de%20prix&body=Bonjour%2C%0D%0A%0D%0A

Mwisho huo haukuwa mwisho, kulikuwa na mengine marefu nyuma yake. Nitayafikia. Tusome polepole, kwa sababu wizi wote umo ndani ya mstari huu.

Neno mailto ndilo linaloiambia kompyuta kwamba hiki ni kiungo cha barua, ifungue programu ya barua. Kinachofuata hadi kwenye alama ya kuuliza ndiyo anwani ya mpokeaji. Hapo palikuwa sawa kabisa, na hapo ndipo macho yangu yalipoishia. Baada ya alama ya kuuliza, aliyetengeneza kiungo anaruhusiwa kujaza sehemu nyingine za barua yako: cc ni nakala, subject ni mada, body ni maneno yenyewe. Alama ya & inatenganisha sehemu moja na nyingine. Huu si udukuzi. Ni kanuni iliyoandikwa, hati inayoitwa RFC 6068 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya nyingine ya 1998. Kampuni nyingi zinaitumia kwa nia njema, ili mteja asipate shida ya kuandika mada. Kwa hiyo ukibonyeza kiungo cha imeli, jua kwamba unafungua barua ambayo mtu mwingine ameanza kuijaza kwa niaba yako.

Zile asilimia ni herufi zilizovaa nguo nyingine. %40 ni @. %20 ni nafasi. %22 ni alama ya kunukuu. %3C na %3E ni mabano yenye ncha, yaani < na >. Programu inazivua kabla ya kukuonyesha. Ukiivua ile sehemu ya cc, inabaki hivi:

"Service commercial" <mauzo@vinu.example.bei-nafuu.example>

Kilichomo ndani ya alama za kunukuu si anwani. Ni jina la mapambo. Mtu yeyote anaweza kuandika chochote pale, hata jina la gavana, hata anwani nzima ya imeli ya mtu mwingine. Anwani ya kweli ni ile iliyo ndani ya mabano yenye ncha. Lakini programu nyingi, hasa za simu, zinapenda kuonyesha jina peke yake na kuificha anwani ili mstari uonekane nadhifu. Mimi niliona Service commercial kwenye mstari wa Cc, nikasema moyoni, sawa, ni ofisi yao ya mauzo. Sikugusa jina lile kuona kilicho nyuma yake.

Na hata ningeligusa, ningeweza kupita. Tazama vizuri: vinu.example imo mle ndani, inaonekana. Jicho linaiona, linaridhika. Lakini anwani ya imeli haisomwi hivyo. Anza kwenye @, ile ya mwisho kama zipo zaidi ya moja, nenda hadi mwisho kabisa wa mstari, kisha rudi nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwenye nyumba ni yule aliye karibu na mwisho. Hapa mwenye nyumba ni bei-nafuu.example, hayo yaliyotangulia ni vyumba alivyojijengea mwenyewe na kuvipa majina aliyoyataka. Anwani za nchi yetu zinasomwa vilevile: jina.cd ni la aliyelisajili chini ya .cd, lakini jina.cd.kitu.com ni la mwenye kitu.com, na Kongo haimo.

Sasa mnaona jinsi tapeli alivyokuwa na akili. Hakubadilisha anwani ya mpokeaji, kwa sababu alijua hapo ndipo mtu makini anapotazama. Aliiacha barua iende kwa muuzaji wa kweli, yeye akajiwekea nakala. Kila anayebonyeza kitufe anamletea jina lake, namba yake ya simu, anachotaka na idadi yake. Kisha ni mbio tu: muuzaji halali anachukua siku tatu nne kupiga hesabu, yeye anajibu saa hiyohiyo kwa bei ya chini. Mteja anaona jibu la barua aliyoiandika mwenyewe, lenye mada ileile, kutoka kwa jina lilelile lililokuwa kwenye Cc. Angeshuku nini?

Nilisema mstari ulikuwa mrefu. Baada ya salamu na ombi la bei kulikuwa na %0D%0A, ambayo ni kuruka mstari, imerudiwa mara thelathini na zaidi. Chini ya mistari hiyo mitupu, mbali kabisa na ukingo wa dirisha langu, kulikuwa na sentensi moja ya Kifaransa: kwamba tumepokea taarifa za akaunti yenu mpya ya benki na tunazikubali. Niliituma bila kuiona. Tulipokwenda benki Jumatano, mama akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani kwa heshima, aliyetupokea aliisoma barua yetu hadi chini, akauliza kwa upole: lakini si ninyi mlioandika hapa kwamba akaunti mpya mnaikubali? Mama alinigeukia. Hakusema neno. Ninaomba Mungu nisitazamwe vile tena.

Fedha zilikuwa zimeshatolewa.

Ile kanuni ya 2010 yenyewe inaonya: programu isitume chochote bila kumwonyesha mtumiaji kila kitu kitakachokwenda, wapokeaji wote na vichwa vyote vya barua, yaani mistari ya juu kama À, Cc na mada. Lakini kuna kuonyesha na kuonyesha. Jina bila anwani, na maneno yaliyozama mistari thelathini chini ya kioo, mimi sihesabu kuwa nimeonyeshwa. Wanaotengeneza programu hizi wangeweza kuandika anwani nzima kila barua inapozaliwa kutokana na kiungo, na ingetosha.

Kuna la zamani kidogo ambalo wenye kompyuta za mfumo wa Linux walijue. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba baadhi ya programu za barua, KMail na Evolution zikiwemo, zilikubali kiungo cha mailto kiambatishe faili kutoka kwenye kompyuta ya aliyebonyeza. Watengenezaji walizirekebisha. Kama kompyuta yako haijapata masasisho miaka yote hii kwa sababu ya bei ya megabaiti, ninakuelewa, hata mimi nanunua kidogo kidogo, lakini tazama sehemu ya viambatisho kabla ya kutuma.

Mimi sasa sibonyezi. Nikipewa katalogi, naandika anwani kwa mkono kutoka kwenye ankara ya zamani au kwa kumpigia simu muuzaji, kwa namba ambayo haikutoka kwenye katalogi hiyohiyo. Kiungo kikinilazimu, nakinakili kwanza kwenye Bloc-notes. Kama baada ya anwani kuna alama ya kuuliza, nasoma kila kilichofuata. Nikikuta cc au bcc (nakala ya siri, kwa Kifaransa Cci), nafuta. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya kitufe bila kukiachia, mara nyingi kiungo chenyewe kitatokea. Barua ikishafunguka, gusa kila jina kwenye À, Cc na Cci hadi uione anwani yenyewe, kisha teremka hadi mwisho wa barua, hata kama unadhani imeisha. Na proforma ikija, mpigie muuzaji umsomee namba ya akaunti kabla ya kwenda benki. Simu ya dakika tatu kwenda nje ni ghali, ndiyo. Mama amelipa 1,850.

Aliyekwisha kulipa: nenda benki leo, wala usingoje Jumatatu, uombe malipo yazuiwe. Barua za tapeli usizifute, na usiwatumie watu nakala za kuelekeza tu (Transférer), maana vichwa vya barua vinapotea; hifadhi barua asili kama faili. Unaweza kushitaki. Nchi yetu ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tangu Machi 13, 2023, Ordonnance-loi namba 23/010, na makosa ya mtandaoni yamo. Sisi tumeshapeleka malalamiko yetu, na ile katalogi tumeiambatisha ikiwa nzima.

Muuzaji wa kweli amewaandikia wateja wake. Ametukubalia tulipe kwa awamu mbili, na nimeanza kumpa mama sehemu ya ninachopata kibandani hadi fedha yake itimie. Kinu bado kimesimama. Akina mama wa mtaa wake wanabeba mabeseni hadi kinu cha barabara ya pili.

Katalogi ilikuwa bado inazunguka jana jioni, nimeiona kwenye kundi la wauza unga wa Ruashi, jalada sasa limegeuzwa likawa la kijani. Anayeipokea aulize kwenye kundi lake nani aliyeileta kwanza, amwonyeshe tangazo hili. Na mwenye katalogi yoyote asiyoielewa aje nayo kibandani. Nitaifungua mbele yake, tusome kiungo pamoja, bila malipo.