Bakuli la Maji la Mtoto wa Mbwa Mkubwa: Ligeuze Uangalie Chini

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wafugaji wa mbwa wa ulinzi hapa Malindi yanafanana: mtoto wa mbwa hajatimiza hata miezi mitano, lakini kila akinywa maji baraza nzima hulowa, na mchanga ulioletwa na kusi hugeuka tope mlangoni. Wengine huona dawa ni kumpimia maji. Hilo lisifanywe, hasa wakati wa joto la kaskazi, kwa sababu mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na anayekua huhitaji zaidi, kwa hiyo Boerboel mchanga, mbwa mkubwa wa ulinzi mwenye asili ya Afrika Kusini, wa kilo 20 hawezi kutoshewa na chini ya lita moja. Kumwaga nako ni maumbile yake: mbwa hukunja ncha ya ulimi kuelekea nyuma, huuchapa majini, huuvuta kwa kasi ili maji yaufuate kwenda juu, kisha hufunga kinywa kabla hayajaanguka. Yale asiyoyawahi hutapakaa kando ya bakuli, na yale yaliyonasa kwenye midomo inayoning'inia huyamwaga akiwa ameshafika sebuleni.

Tabia hiyo haiondoki kwa kununua. Kinachonunuliwa ni chombo kisichopinduka, kisichosukumwa ukutani, na kinachobaki salama baada ya mwaka wa kulambwa na kutafunwa. Sitajadili rangi wala umbo. Nitajadili jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii, nalo ni mpira wa mviringo uliovalishwa chini ya mabakuli ya chuma kisichoshika kutu ili yasiteleze.

Bakuli la namna hiyo nililinunua katika duka moja mjini, na muuzaji alinigeuzia akinionyesha mpira huo kama sifa yake kuu. Kwangu mimi mpira huo ni kasoro, kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto wa mbwa anayeota meno huanza kuubandua pale ulipoungana, na kipande akikimeza kinaweza kuziba utumbo. Akianza kutapika na kukataa chakula, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Pili, nilipouvua mwenyewe nikakuta maji yamenasa ndani yake, ute mweusi umeganda, na juu ya chuma kuna mstari wa kutu wenye vitundu vidogo vya ncha ya sindano. Chuma cha aina hii hulindwa na utando mwembamba wa kromiamu unaojirekebisha kwa kupata hewa. Chini ya mpira hewa haifiki, na chumvi ya visima vyetu hubaki pale ikiula utando huo polepole. Anayetumia maji ya bomba kutoka Baricho ana nafuu kidogo, lakini bomba likikauka sote hurudi kisimani.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni bakuli zito la udongo uliochomwa na kupakwa mng'aro la Mason Cash, kampuni ya Uingereza. Halina mpira, halishiki kutu, na uzito wake pekee hulituliza mahali pake. Lina faida nyingine ambayo watengenezaji wake huenda hawakuifikiria: mengi yameandikwa ubavuni, kwa herufi kubwa za Kiingereza, kwamba ni ya mbwa. Katika mji ambao Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, si jambo dogo kwa mfanyakazi wa nyumbani au jirani aliyekuja kusaidia kukitambua chombo hicho kabla ya kukigusa. Ndiyo maana pia simshauri mtu kumtengea mbwa sufuria inayofanana na za jikoni. Jipya hupatikana kwa shida na kwa bei ya kuumiza, lakini wageni wa Kizungu wanaofunga nyumba zao msimu ukiisha huuza vyombo kwa bei ya kuachia. Ligonge kwa ukucha: likilia kwa sauti kavu, lina ufa, liache.

La pili ni bakuli la chuma lisilo na mpira, lililoandikwa 18/8 chini yake, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Kwa kuwa ni jepesi, mwambie seremala akutengenezee fremu fupi ya mbao lidumbukie humo, au lipachike katikati ya tairi kuukuu. Fremu isiwe ndefu. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyohusisha vyombo vya chakula vilivyoinuliwa na hatari kubwa zaidi ya tumbo kujaa gesi na kujipinda kwa mbwa wakubwa, ugonjwa unaoua kwa saa chache. Utafiti huo ulihusu chakula, lakini sioni sababu ya kuinua maji.

Hapa ndipo wauzaji wanaponikera. Huchomoa sumaku mfukoni, huigusisha kwenye bakuli, na kusema, "Mama, haishiki, hiki ni chuma safi." Sumaku hukifichua chuma cha daraja la 430, kisicho na nikeli, lakini chuma cha 201, ambacho ni duni na huliwa na chumvi upesi kuliko 304, yaani ile ile 18/8, nacho kwa kawaida hakishiki sumaku. Kwa hiyo anachokuonyesha hakithibitishi anachokuuzia. Na bakuli lile lile lenye mpira nimeliona likiuzwa karibu mara mbili ya bei katika duka la upande wa Casuarina, bila tofauti yoyote isipokuwa kiyoyozi.

La tatu ni lile lenye kisahani kinachoelea, ambalo huacha maji yapande kidogo kidogo katikati. Hupunguza kumwaga kuliko yote, nakiri, lakini kisahani hushika utelezi, na mtoto wa mbwa mwenye akili huking'oa.

Besheni za plastiki hukwaruzika, mikwaruzo huhifadhi uchafu, na pembe zake hutafunwa. Zinafaa kuwekwa chini ya bakuli kukinga yanayomwagika, basi. Hata hivyo, maji ya besheni hiyo yamwagwe kila siku, na kuta zake zisuguliwe kwa brashi, kwa maana mbu anayeeneza homa ya dengi hubandika mayai yake juu kidogo ya usawa wa maji, na kumwaga peke yake hakuyaondoi.