Tathmini: Miaka Minne ya Mchango wa Kila Mwezi kwa Marafiki wa Washington

Kuanzia Oktoba 2020, kila mwezi kadi yangu ya benki ilikatwa dola 20 kwenda kwa kamati moja ya kisiasa ya Marekani, ambayo sitaitaja jina, iliyojinadi kwamba kazi yake ni kuwaingiza bungeni marafiki wa haki za mashoga na wasagaji. Hadi nilipojitoa, miaka minne baadaye, nilikuwa nimelipa dola 960, na anayelipa ana haki ya kusema alichopata.

Kujiunga kulikuwa rahisi na risiti zilifika bila kukosea hata mwezi mmoja. Kero ilikuwa barua pepe. Katika wiki moja ya Septemba 2022 nilihesabu 11, nyingi zikiwa na picha ya saa nyekundu inayohesabu dakika zilizobaki kabla ya saa sita usiku, na kesho yake saa ile ile ilikuwa imeanza upya kana kwamba jana haikuwapo. Haraka yote ilikuwa kwenye kuchangia. Kwenye kutunga sheria hapakuwa na saa ya namna yoyote.

Nilichokuwa nimeahidiwa hasa ni Muswada wa Usawa, ambao ungepiga marufuku nchi nzima ubaguzi dhidi ya mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia katika makazi, mikopo na huduma za umma, na ambao Joe Biden mwenyewe aliahidi kuupa kipaumbele katika siku zake 100 za kwanza. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Februari 2021 kwa kura 224 dhidi ya 206, ukapelekwa Seneti, na huko haukupigiwa kura hata siku moja. Nilipoandika kuuliza, nilijibiwa kwa upole kwamba kura 60 za kufunga mjadala, zinazohitajika Seneti kabla ya muswada kupigiwa kura, hazipatikani. Hesabu hiyo ni sahihi, wala siipingi, ila katika barua zote nilizotumiwa kabla ya uchaguzi sikuwahi kuiona.

Kwa haki yao, Desemba 2022 ilipatikana Sheria ya Kuheshimu Ndoa. Hata hivyo, ilikuja baada ya Mahakama ya Juu kutengua haki ya kutoa mimba mwezi Juni na Jaji Clarence Thomas kuandika kwamba hukumu ya mwaka 2015 iliyohalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima nayo ifikiriwe upya, na sheria hiyo hailazimishi jimbo lolote kufungisha ndoa hizo, bali kuzitambua zilizofungwa kihalali kwingine. Ni kiraka kizuri, lakini mimi nilikuwa nimelipia nguo.

Waliotangulia katika harakati hizi wanaujua mwendo huu. Mwaka 2009, serikali ya Barack Obama ilipoitetea mahakamani sheria ya 1996 iliyoizuia serikali kuu kutambua ndoa za jinsia moja, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameahidi kuiondoa, baadhi ya wachangiaji walisusia hafla ya chama chake cha Democratic ya kukusanya fedha, na kabla ya mwaka kwisha ukatangazwa mgomo wa kuchangia. Marufuku ya wanajeshi mashoga kujitambulisha, iliyokuwa imefukuzisha kazi zaidi ya watu 13,000 tangu 1993, ilifutwa Desemba 2010, wiki chache kabla ya chama hicho kukabidhi uongozi wa Baraza la Wawakilishi. Sidai kwamba mgomo pekee ndio uliofanya kazi, kwani mahakama nazo zilikuwa zinabisha hodi, lakini pochi iliyofungwa ilisikika kuliko barua za kubembeleza.

Natoa nyota mbili kati ya tano: moja ya risiti, moja ya sheria ya ndoa. Anayetaka kujiunga aulize kwanza muswada upi, utapigiwa kura lini, na kura zitatoka kwa nani.

Kujitoa, kwa taarifa yenu, hakuna kitufe chake. Niliandika mara mbili, nikathibitishiwa siku ya tatu, na asubuhi iliyofuata nikapokea barua ya kunisihi nirudi kabla ya saa sita usiku.