Bastola ya polima ya kutegemewa: nazipanga hivi

Nianze na jibu. Ukitaka bastola moja ya polima (mwili wa plastiki ngumu), ya 9 mm, ambayo hutaitilia shaka, nunua Glock 19. Wengi watakuambia hivyohivyo, na safari hii wengi wako sahihi. Ila ishike kwanza, kwa sababu kinachoweza kuiondoa kwenye nafasi ya kwanza ni mkono wako.

Glock hawakuwa wa kwanza kutumia polima; Heckler & Koch walishatoa VP70 mwaka 1970. Lakini Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ndiyo iliyowafanya watu waache kuidharau plastiki. Glock 19 ilifuata mwaka 1988: mtutu wa milimita 102, risasi 15, na magazini (kasha la risasi) ya Glock 17 inaingia humohumo bila shida. Jambo hilo la magazini ni kubwa kuliko linavyoonekana. Bastola ikikwama mara kwa mara, mara nyingi tatizo liko kwenye magazini: midomo imepinda au springi imechoka. Ziandikie namba magazini zako kwa rangi, ili ukijua ni ipi inayokwamisha uitupe. Kwa Glock 19, nyingine ni rahisi kupata karibu kila inakouzwa bastola.

Kasoro zake? Vilengeo vya kiwandani ni vya plastiki, vibadilishe mapema. Haina sefti (kizuizi cha usalama) ya kidole gumba. Na ili kuifungua kwa usafi ni lazima uvute triga (kifyatulio), hapo ndipo watu wameumia. Mpangilio ni huu, wala haubadiliki: elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, kisha vuta slaidi (chuma cha juu kinachoteleza) nyuma. Ukianza na slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi uliyoitoa inafuatwa na nyingine inayopanda chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi), nawe unadhani iko tupu. Angalia chemba kwa macho, halafu ingiza kidole uiguse. Ndipo uvute triga.

Nafasi ya pili naipa Smith & Wesson M&P M2.0, ya mwaka 2017. Ina kijiti kidogo ndani kinachokuwezesha kuifungua bila kugusa triga, na kwa nyumba yenye haraka na usumbufu hilo linanipendeza sana. Inakuja na migongo minne ya mpini ya kubadilisha. Mpini wake umekwaruzwa vikali: mkono wenye jasho hauponyoki, ila ukiivaa chini ya shati ngozi italalamika.

Ya tatu ni CZ P-10 C kutoka Cheki. Inakaa chini mkononi, haitupi mtutu juu sana, na triga yake ni safi tangu dukani. Nikimwona mtu ambaye mpini wa Glock haumkai, ndiyo ninayompa ajaribu.

Kwa viganja vidogo, au vikubwa kupita kawaida, kuna HK (Heckler & Koch) VP9. Ubavu wa kushoto, wa kulia na mgongo wa mpini vyote hubadilishwa, unapata mipangilio 27. Walther PDP ya mwaka 2021 ina triga nzuri kuliko zote hizi, lakini mtu asiyezoea kuweka kidole nje ya triga nisingempa.

SIG Sauer P320 naiweka mwisho, ingawa jeshi la Marekani liliichagua mwaka 2017 kwa majina ya M17 na M18. Mwaka huohuo kampuni ilitangaza mpango wa kuziboresha bastola zilizokuwa mikononi mwa watu, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka. Baadaye zikaja kesi za watu wanaodai zilifyatuka bila triga kuvutwa, madai ambayo kampuni inayakana. Kwa silaha ya kukaa kiunoni, mimi nangoja.

Ukishapata leseni na mafunzo, jaribu hivi kabla ya kulipa, ukishaihakiki kuwa ni tupu. Shika mpini juu kabisa, mtutu ukiwa mstari mmoja na mkono wako kuanzia kiwiko. Nyama ya kidole cha shahada ifike katikati ya triga bila kuzungusha kiganja. Isipofika, mpini ni mnene. Kisha vuta slaidi mara kadhaa. Ukihangaika dukani, utahangaika zaidi ukiwa na hofu.

Usibane bajeti kwenye mkoba wa kuvalia bastola kiunoni. Uwe mgumu, ufunike triga yote, mdomo wake usijikunje silaha inapotoka. Na nyumbani, sanduku la chuma lenye kufuli ni sehemu ya bei ya bastola.

Ukishanunua, piga uwanjani angalau risasi 200 za aina ileile utakayoitegemea. Ikikwama, kaza mkono kwanza, maana kifundo kilicholegea huinyima slaidi nguvu ya kurudi nyuma. Kisha badilisha magazini. Ikiendelea kukwama kwa risasi nzuri, irudishe dukani.