Vitabu vya sauti vya upelelezi na vya safari: maoni yangu bila kupakana mafuta

Nikitaka kitabu cha sauti cha upelelezi, siku hizi naangalia kwanza jina la msomaji, la mwandishi baadaye. Hadithi ya upelelezi ina adui ambaye kitabu cha karatasi hakimjui, naye ni huyo anayesoma. Kuna moja niliyoisikiliza ambamo wageni wote wa nyumba walisomwa kwa sauti ya kawaida, isipokuwa wakili mmoja mpole. Yeye alipewa mkwaruzo wa koo, na kimya kirefu kila alipoulizwa alikuwa wapi usiku ule. Mwandishi alimficha vizuri, msomaji akamwanika mapema kabisa. Muda wote uliobaki nilikuwa namsubiri tu mpelelezi anifikie nilipo.

Matoleo yaliyofupishwa ndiyo mabaya zaidi. Anayepunguza hukata watu wa pembeni, na hao ndio wanaomfichia muuaji. Wakibaki washukiwa wawili, fumbo liko wapi?

Kilichonikuna hasa ni The Moonstone cha Wilkie Collins. Kilitoka mwaka 1868 na hakimiliki yake imekwisha, kwa hiyo kinapatikana bure LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanza 2005. Wizi wa almasi unasimuliwa na mashahidi kwa zamu. Mzee Betteredge, msimamizi wa nyumba, akikwama hufungua riwaya ya Robinson Crusoe kutafuta ushauri, tena kwa imani ya mtu anayefungua msahafu. Baadaye anaingia Bi Clack, mlokole wa kupindukia, anayesambaza vijitabu vya dini ndani ya nyumba ya watu, hata kwenye makochi. Kitabu hiki kinataka kila shahidi apewe sauti yake. Lakini wasomaji wakipokezana sura kwa sura katika riwaya yenye msimulizi mmoja, huwa balaa: mmoja ananong'ona, anayefuata anarekodi kama yuko ndani ya pipa.

Vitabu vya safari havina masharti hayo. Unaweza kusinzia ukiwa Milan ukazindukia Venice, na hujapoteza kitu. Hapa napenda mwandishi asome mwenyewe, hata kama sauti yake haijasuguliwa, maana anajua ni wapi aliogopa kweli na ni wapi anatia chumvi. Kwa vile vya zamani hilo haliwezekani, basi natafuta msomaji anayeweza kujizuia. Chukua The Innocents Abroad cha Mark Twain, cha mwaka 1869. Twain na wenzake wakiwa Genoa, kiongozi wa watalii anawaonyesha kwa mbwembwe barua iliyoandikwa na Christopher Columbus mwenyewe. Daktari wa msafara anaikagua kwa makini, kisha anasema mwandiko huo ni mbaya kuliko yote aliyowahi kuona. Wakifikishwa kwenye sanamu ya Columbus, anauliza kama huyo bwana amekufa. Msomaji akiweka hata chembe ya kicheko hapo, amekwisha kuharibu. Inatakiwa isomwe kavu, kama taarifa ya hali ya hewa.

Ninachokosa kwenye safari ni ramani. Majina ya miji na mito yanapita haraka, hujui kama msafiri anaelekea kaskazini au anarudi alikotoka. Mimi huweka ramani wazi kwenye simu. Kwenye upelelezi shida ni kurudi nyuma: treni ilisemwa inaondoka saa ngapi? Kwenye karatasi ungepekua kurasa mbili. Kwenye programu unabonyeza kitufe cha sekunde thelathini mpaka kidole kichoke, kwa hiyo naweka alama kila panapotajwa saa au mahali.

Kasi ya 1.25 inaufaa upelelezi wenye maelezo marefu, ila safari naiacha kasi yake. Na kabla ya kulipa nasikiliza sampuli, lakini isiwe ya mandhari tu, maana kila mtu anajua kusoma machweo. Natafuta mahali ambapo watu watatu wanabishana. Nikishindwa kujua nani kasema nini, natafuta toleo lenye msomaji mwingine.